Kompyuta Iliyoanikwa na Usipa

Mama yangu aliianika kompyuta yangu juani pamoja na usipa, na kwa karibu mwezi mzima nilimwacha aamini kwamba yeye ndiye aliyeiua. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nisipate njia ya kulikwepa huko mbele, maana najijua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbuji, juu kwenye baridi na mashamba ya kahawa, lakini kwetu ni Mbaha, chini ziwani. Mama ni mkaushaji wa usipa, hao dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Amewakausha tangu kabla sijazaliwa, na sare zangu zote za shule zilitoka pale vichanjani anapowaanika. Nilipofika mwaka wa mwisho wa shahada niliyokuwa nasoma kwa masafa, nikatakiwa kuandika ripoti ya utafiti. Wenzangu walichagua mada ngumu ngumu. Mimi nikachagua kuandika jinsi akina mama wa ziwani wanavyojua kwamba usipa wamekauka, na msimamizi wangu akasema ni mada nzuri mno. Nilijisikia mjanja, kwa sababu mtoa habari wangu mkuu alikuwa ananipikia.

Kilichokosekana ni kompyuta. Shuleni nilishapewa cheo cha mwalimu wa TEHAMA, na sifa yangu iliyonipatia cheo hicho ni kwamba siku moja niliweza kuunganisha projekta wakati wageni wameshakaa. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya kililetwa kwangu. Sasa mtu mwenye cheo kama hicho anaingiaje dukani mjini Mbinga na kuanza kuuliza maswali ya kitoto?

Muuzaji alinipokea kwa heshima, akanivutia kiti. Akanionyesha kompyuta nyeusi, imepanguswa inang'aa, na kifuniko hakina mchubuko. "Hii siyo mtumba, mwalimu," akaniambia. "Hii ni rifabishi." Akanieleza kwamba imetumika huko ilikotoka, ikafunguliwa, ikasafishwa, kilichochoka kikabadilishwa, ndipo ikaletwa sokoni. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua.

Hapo ndipo ninapojichukia. Nikienda kununua sweta la mtumba mnadani, mimi huligeuza ndani nje, nanusa makwapa, navuta mishono, nalinyoosha kwenye mwanga kutafuta matundu. Muuzaji wa sweta hanipendi. Lakini mbele ya kompyuta ile nilipapasa kifuniko tu. Sikumwomba aichomoe kwenye umeme nione betri inakaa muda gani. Sikuuliza ni kitu gani hasa kilichobadilishwa. Sikusogeza sikio. Alisema dhamana ipo, nami sikumwomba aiandike, kwa sababu aliniita mwalimu mara nne na mara zote nne nilipenda.

Nilipoiwasha nyumbani nikakuta ina watu ndani. Kulikuwa na picha za harusi ya watu nisiowajua, mama mmoja mnene akicheka huku ameshika keki, na mbwa mweupe aliyepigwa picha nyingi kuliko bwana harusi. Mtu mwenye akili angejiuliza ni usafi gani uliofanyika kama hata picha za mwenyewe hazikufutwa. Mimi nilizitazama zote jioni nzima kama albamu ya ukoo.

Likizo ya Juni nikashuka ziwani. Mama alinipokea mzigo, akanipokonya na mkoba wa kompyuta akidhani ni nguo, na nilipomwambia kilichomo akaubeba kwa mikono miwili hadi ndani. Tulipoanza kazi aliniuliza, "Daftari lako liko wapi?"

"Daftari la nini, mama? Siku hizi tunaandika humu."

"Na humu kukijaa?"

"Hakujai."

Akacheka. Ananipenda mama yangu, hata ninapoongea upuuzi.

Tulifanya kazi siku nane. Asubuhi nilimfuata vichanjani, zile meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu, nikimtazama anavyomwaga usipa wabichi na kuwatandaza kwa kiganja, upesi upesi, pasiwe na aliyelala juu ya mwenzake. Mchana tulikaa barazani, yeye akisema, mimi nikichapa. Mengine aliyasema kwa Kinyasa nami nikayatia kwenye Kiswahili hapohapo. Alinieleza upepo wa kuogopa na upepo wa kushukuru. Alinieleza kwamba macho yanadanganya, kwa sababu usipa huwahi kung'aa juu wakati tumboni bado ana maji. Ndiyo maana yeye hawaamini mpaka awasikie. Huokota konzi moja, huisogeza sikioni, huisugua taratibu. Waliokauka wana mlio wao, mkavu, mwepesi. Wakinyamaza, au wakitoa sauti nzito, wanarudi juani, hakuna mjadala.

Aliponiona nachapa maneno hayo alisogea akatazama kioo. Hajui kusoma sana, anajua majina na namba. "Hayo ndiyo niliyosema?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kujifunga kanga nyingine, nzuri zaidi, akarudi tukaendelea. Nilimpenda sana siku ile.

Siku ya tano kompyuta ilianza kugonga. Ulikuwa mlio mdogo wa ndani, ko, ko, ko, kisha kimya, kisha tena. Kila ilipogonga, maandishi yaligoma kidogo kabla ya kuendelea. Nilisikia. Nasema tena, nilisikia, na nikajua maana yake. Nilikuwa na flashi mkobani, mpya, haijafunguliwa. Kuhamisha kazi ile kungechukua dakika mbili. Lakini kuifungua flashi ile kungekuwa kukiri kwamba mashine inaumwa, na mashine ikiumwa basi nimeuziwa mgonjwa, mimi, mwalimu wa TEHAMA. Nikaendelea kuchapa.

Mama naye alisikia. Angekosaje kusikia, mtu anayesikiliza dagaa?

"Mwanangu, inagonga."

"Ndivyo zilivyo, mama."

"Zote?"

"Zote."

Akaliacha hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Siku ya tisa umeme ulikatika tangu asubuhi, na betri, kama nilivyokuwa nimeshagundua, ilikuwa pambo. Nikaenda kumsalimia mama mdogo upande wa pili wa kijiji. Nilirudi jua likiwa limepanda. Nikapita vichanjani, akina mama wote wapo, na katikati ya kichanja cha mama yangu, juu ya kanga safi, ilikuwapo kompyuta yangu. Imefunguliwa wazi kama samaki mkubwa aliyepasuliwa, kioo kimelitazama jua, na usipa wamesogezwa kwa adabu pembeni kuipisha.

Mama alikuja akitabasamu. "Ilikuwa na unyevu," akaniambia. "Upepo wa ziwa umeingia ndani, ndiyo maana inagonga. Nimeianika tangu asubuhi. Sasa hivi isikilize."

Kwake hilo lilikuwa jambo la wazi. Kitu kisichotoa mlio mzuri kinarudi juani. Ndivyo alivyotulea.

Niliibeba ikiwa ya moto. Umeme uliporudi saa saba nikaichomeka, ikagonga mara tatu, kioo kikabaki cheusi. Nikajaribu tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na wenzake wawili waliokuja kuona mashine ilivyopona. Nikageuka na kumwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumpigia hata mwanafunzi, "Umeniharibia maisha yangu, mama! Nani alikutuma uiguse?"

Mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki. Aliitazama, akaifuta kwenye kanga, akaitazama tena. Wenzake wakaondoka polepole bila kuaga. Kesho yake alfajiri nikapanda basi kurudi juu, naye akanisindikiza hadi kituoni akiwa nyuma yangu hatua kadhaa, kama anaogopa kugusa mzigo.

Mjini nilianzia dukani. Muuzaji hakunivutia kiti safari hii. Aliniuliza kama kompyuta imepata maji, au kuanguka, au joto. Nikamweleza habari ya kuanikwa. Uso wake ukachangamka. "Aa, basi mama ndiye kaiua, mwalimu. Dhamana haiwezi kuingia kwenye mambo ya jua." Nami nikasema ndiyo, ni kweli, wazee wetu hawa. Tukacheka pamoja, mimi na yule mtu aliyeniibia, tukimcheka mama yangu. Kicheko kile bado nakisikia.

Baadaye nikampelekea fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko, mtu mzima, mpole, anayefanya kazi miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Niliomba aniokolee maandishi tu. Akaifungua mbele yangu. Parafujo zilikuwa nne, na matundu yake ni kumi. Betri ilikuwa imevimba, imezungushiwa plasta, ile ya kufungia vidonda. Vumbi la ndani lilikuwa limeshikana kama sufi. Akatoa diski, ile inayotunza kila ninachoandika, akaigeuza.

"Hii haikubadilishwa," akasema. "Hii ndiyo yenyewe, imezeekea humu humu. Waliosema wameikarabati wamepangusa kifuniko."

Nikamwambia ilianikwa juani asubuhi nzima.

"Jua halikuisaidia. Lakini ilikuwa inakufa tangu dukani. Ilikuwa haigongi?"

Nikasema ilikuwa inagonga.

"Siku ngapi kabla ya hilo jua?"

"Nne."

Akanitazama juu ya miwani, wala hakunisema. Alijaribu siku mbili kuisoma diski ile kwa vifaa vyake, ikashindikana. Maneno ya mama yangu ya siku nane yalikuwa yamekwisha.

Sasa ningepaswa kupiga simu saa ileile. Sikupiga. Mama ndiye aliyepiga, Jumapili baada ya ibada, kwa simu ya jirani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Ile mashine imepona?" Nikasema bado iko kwa fundi. Jumapili iliyofuata akauliza tena, nikajibu vilevile. Ya tatu akauliza kwa sauti ndogo zaidi. Nilijua kwamba kumwondolea mzigo ule kunahitaji sentensi mbili tu: kwamba niliuziwa mgonjwa, na kwamba nilisikia inagonga nikanyamaza. Kila nilipotaka kuzitamka niliona aibu, na kila nilipoona aibu nilimwachia yeye. Watu husema aibu ya mtu mzima ni nzito, lakini ile haikuwa nzito kwangu, kwa kuwa sikuwa naibeba mimi.

Siku moja sokoni Mbinga nilikutana na mama mmoja wa kwetu aliyepandisha magunia ya usipa kuja kuuza. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama kwa namna ya kunipima.

"Mama yako ameacha mzani," akaniambia.

Kikundi chao cha wakaushaji kina mzani mmoja, ule wa kisasa wenye namba zinazowaka, na tangu ulipopatikana ulikuwa ukikaa nyumbani kwetu, mama ndiye mtunzaji. Aliuweka chumbani kwake, ameufunika kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Wenzake walimtania kidogo, wakimwita mwanika mashine, kama wanavyotaniana kwa kila kitu. Lakini kwenye kikao aliinuka mwenyewe, akaukabidhi kwa mwenyekiti, akasema mkono wake si mzuri kwa mashine, ameshaharibu ya mwanawe, asije akaharibu na ya watu.

"Na samaki wake siku hizi anaomba wenzake wamsikilizie," akaendelea yule mama. "Anasema sikio nalo limezeeka, lilisikia mlio usiokuwapo."

Nilisimama pale sokoni na vitunguu mkononi. Mama yangu alikuwa amesikia kweli, kuliko sisi sote tuliosoma, nami nilimwambia zote ndivyo zilivyo. Alikuwa ameniamini mimi kuliko sikio lake. Nililia hadharani, mwalimu mzima, na mwenye vitunguu akaniambia nisilipe kwanza.

Jumamosi nikashuka. Nilimkuta mama jikoni anasonga ugali, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote bila kupumzika: betri, plasta, diski, fundi, siku nne. Nikamwambia alisikia sawa, na mimi nilisikia pia. Nikamwambia nilivyocheka na yule muuzaji. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, na bado nikalisema.

Aliendelea kusonga. Mwiko ulizunguka, ukazunguka. Akaepua sufuria, akafuta uso kwa ncha ya kanga, sijui kama ulikuwa moshi.

"Kwa hiyo siyo mimi," akasema.

"Siyo wewe, mama. Nisamehe."

"Siyo mimi," akarudia, taratibu, kama anayejaribu kiatu. Kisha akanipakulia ugali, akaniwekea samaki mkubwa kuliko wake, na tulipomaliza kula akasema, "Hayo uliyoniambia mimi, mimi nimeyapokea. Sasa kawaambie wenzangu. Ulinipigia kelele mbele yao."

Tukaenda wote. Jua lilikuwa kali, akina mama kama kumi na wawili wanageuza usipa. Nikawaamkia, nikasimama katikati ya vichanja nikasema. Darasani sauti yangu inafika hadi uwanjani, lakini pale ilibidi niombwe mara mbili niongeze. Nilipofika kwenye plasta ya vidonda wakaanza kucheka, nami nikaona ajabu kwamba kicheko kile hakikuniumiza. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akaniuliza, "Sasa, mwalimu, ulikuwa unaogopa nini siku zote hizo?"

"Niliogopa kuonekana nimedanganywa, bibi."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema yeye aliuziwa tochi isiyo na kitu ndani. Mwingine simu iliyoongea siku moja. Mwingine akamtaja mchumba wake wa kwanza, na hapo hata mama akacheka mpaka akashika kichanja. Kumbe kila mtu pale alishawahi kuuziwa mgonjwa, na wote walilisema wakalimaliza.

Mwenyekiti alikwenda kwake, akarudi na mzani mikononi, ukiwa na kitambaa kilekile cha mama juu yake, akauweka kichanjani mbele ya mama. Mama aliushika pande zote mbili. Hakulia. Aliuwasha, akasubiri sifuri ikae sawa, akaupima kwa pakiti ya sukari ya kilo moja kama ilivyo kawaida yao, akaisoma namba kwa sauti ili wote wasikie. Halafu akaokota konzi ya usipa kwenye kichanja cha jirani yake, akaisogeza sikioni mwenyewe, akaisugua.

"Bado," akasema. "Warudi juani."

Na wakarudishwa.

Siku zile mbili nilizobaki tulianza upya utafiti wetu, kwa daftari na kalamu. Hayakuwa maneno yaleyale. Mengine alikuwa ameyasahau, mengine alisema ameshayasema na hayarudii, na mapya yakaja. Ripoti ikakamilika kwa kuchelewa, nikaomba nyongeza ya muda, nikaipata, nikahitimu. Mama alihudhuria mahafali akiwa na ile kanga nzuri.

Lakini barazani siku ile, nilipofungua ukurasa wa kwanza wa daftari na kumuuliza tuanzie wapi, aliniambia jambo ambalo msimamizi wangu alilikata kwa wino mwekundu, akisema halina nafasi katika ripoti ya utafiti. Ni kweli, halikuwa na nafasi. Mama alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akiitazama kalamu yangu ahakikishe inatembea.

"Kwanza andika kwamba nilisikia," akasema. "Ndipo tuendelee na mengine."